Kijiko Dume, Uma Jike

Siku binti yangu alipokataa katakata kwamba kijiko ni mwanamume, nilikuwa nimeshashindwa mara mbili kumfundisha Kijerumani. Tulikuwa mezani. Nilimpangia vitu vitatu mbele yake: der Löffel, kijiko, die Gabel, uma, das Messer, kisu. Ni vitu vinavyolala droo moja usiku na mchana, lakini Kijerumani, kwa vineno vyake vya mbele der, die na das, kimevitenga katika jinsia tatu: kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, kisu hakiko huku wala kule. Akakichukua kijiko, akakigeuza juu chini kama polisi anayetafuta ushahidi, kisha akanirudishia.

"Baba, hiki hakina ndevu."

Alikuwa na miaka sita. Mdogo wake wa miaka mitatu akaangua kilio, maana naye alitaka kijiko chenye ndevu.

Kushindwa kwangu kwa kwanza kulikuwa kwa kadi. Mimi Kijerumani nilikisoma ukubwani, darasani, kwa majedwali: der, den, dem, des, nikiyakariri kama mtu anayekariri namba za simu za wadeni wake. Ikaniingia akilini kwamba mtoto naye aanzie hapo hapo, tofauti iwe rangi tu. Nikakata kadi kama wafanyavyo walimu wengi wa Kijerumani, bluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das, nikazibandika picha. Wakati huo alikuwa na miaka minne. Baada ya majuma mawili nilizikuta kadi zote chini ya godoro lake, zimefichwa kwa mpangilio mzuri wa rangi.

Mara ya pili nikamwachia programu ya simu, ile aina inayokupigia makofi ukipatia. Akawa bingwa. Alijua kubonyeza jibu kabla sauti haijamaliza kusema. Kisha siku moja tukakutana na mama mmoja Mjerumani, akamwinamia na kumwambia, "Hallo, wie heißt du?" yaani unaitwa nani. Mtoto akabaki anatafuta mahali pa kubonyeza.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba Wajerumani wenyewe walishatuonya. Neno Kindergarten, bustani ya watoto, ni la Friedrich Fröbel, aliyefungua mahali pake pa kulelea watoto huko Bad Blankenburg mwaka 1837 na kupaita jina hilo mwaka 1840. Watoto wake hawakuanza na jedwali. Walianza na mipira laini ya nyuzi, wakaenda kwenye tufe na mchemraba wa mbao, vitu alivyoviita Gaben, yaani zawadi. (Serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851, kwa kumchanganya mzee wa watu na mtoto wa kaka yake aliyekuwa na siasa kali. Marufuku iliondolewa mwaka 1860, Fröbel akiwa ameshafariki miaka minane kabla.) Mimi nilikuwa nimesoma habari hizo zote, nikatahiniwa, nikafaulu, halafu nikaenda kumkatia mtoto kadi.

Turudi mezani.

"Haya," nikamwambia, "sema kijiko changu."

"Kijiko changu."

"Sema uma changu."

Akacheka hadi akashika tumbo. "Uma wangu!"

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini kijiko kiwe changu, halafu uma uwe wangu? Si vyote vya kulia?"

Akafikiri kidogo. "Ndivyo inavyosemwa."

"Basi na kwa Wajerumani, ndivyo inavyosemwa."

Akakubali. Akala. Tangu siku hiyo habari za kijiko dume na uma jike nilizitupa. Kwetu kuna ngeli ya der, ngeli ya die na ngeli ya das, basi. Na kama kuna jambo moja ambalo ningependa mzazi anayeongea Kiswahili alisikie kabla ya kununua chochote, ni hili: mtoto wako haingii Kijerumani mikono mitupu. Tayari anaamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba jina lina mamlaka juu ya maneno yanayolizunguka. Kitabu kikianguka, chake, kizuri, kile. Vyote vinafuata amri ya ki. Mtoto wa Kiingereza ana kazi ya kuliamini jambo hilo kwanza, ndipo ajifunze orodha. Wetu amebakiwa na orodha tu, tena fupi. Ngeli tatu ni nini kwa mtu aliyezoea rundo letu? Na zikifika kwenye wingi zote tatu zinavaa kofia moja: die Löffel, die Gabeln, die Messer.

Kuna kichekesho cha historia hapa. Mtu aliyeanza kuzipa namba ngeli za lugha za Kibantu ni Wilhelm Bleek, mzaliwa wa Berlin wa mwaka 1827, ambaye pia ndiye aliyelitumia jina hilo la Bantu kwa lugha zetu. Na aliyeiendeleza kazi yake ni Mjerumani mwingine, Carl Meinhof. Wajerumani walikaa chini kuhesabu ngeli zetu. Nasi tunaweza kuzitumia kuhesabu zao.

Tofauti ipo, na ni kubwa kiasi cha kukuharibia kazi usipoiangalia. Ngeli zetu zimevaa sare. Unaiona ki, unaiona m, unajua unaongea na nani. Jina la Kijerumani linaweza kukukodolea macho bila kukupa dalili yoyote. Kwa hiyo nilijizuia kabisa kutaja Gabel peke yake. Ni diegabel, kama neno moja, kama vile ki ilivyo sehemu ya kijiko na hakuna anayesema jiko akimaanisha kijiko. Zipo ngeli zinazojionyesha mkiani: kila jina lenye kiambishi cha udogo -chen ni das, hata msichana, das Mädchen, yenye mkia wa -ung, -heit na -keit ni die, na majina mengi yanayoishia na e ni die pia, kama Lampe, Blume, Sonne. Hayo nayasema kwako wewe mzazi. Mtoto usimwambie. Sikio lake linakusanya lenyewe, na ushahidi utauona siku atakapokosea vizuri. Mdogo, alipokuwa na miaka minne, aliniletea mdoli wa sungura na kutangaza: "Die Hase!" Ni der Hase. Lakini hakuna mtu aliyewahi kutamka "die Hase" mbele yake; kosa hilo alilitengeneza mwenyewe, kwa kanuni aliyoigundua mwenyewe. Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi angepatia.

Kiswahili kilitutupa mkono sehemu moja: yeye. Sisi baba ni yeye, mama ni yeye, hatuna haja ya kuchungulia. Kijerumani kinataka er, wa kiume, au sie, wa kike, kila mara, na watoto wangu kwa miezi kadhaa walimgeuza kila mtu. "Sie schläft," mkubwa akamsema babu yake aliyekuwa amelala kwenye kiti. Sikumwambia umekosea. Nilisema tu, "Ja, er schläft. Er schnarcht. Er schläft tief." Ndiyo, amelala, anakoroma, amelala fofofo. Mara tatu neno sahihi likapita masikioni, na mazungumzo hayakukatika. Hii ndiyo namna pekee ya kusahihisha ninayoiamini kwa mtoto mdogo. Akikosea na kusema "gegeht" unajibu "ja, du bist gegangen", ndiyo, umekwenda, na mnaendelea na safari. Watoto wa Wajerumani wenyewe husema gegeht na getrinkt wakiwa wadogo, na hakuna anayewakatia kadi.

Baada ya ndevu za kijiko nilibaki na swali gumu zaidi: Kijerumani kiwe cha nani nyumbani? Mtoto si mjinga. Anajua baba yake anaelewa Kiswahili, sasa kwa nini ajisumbue? Lugha isiyohitajika na mtu yeyote ndani ya nyumba ni kama mlango uliochorwa ukutani.

Jibu la vitabuni linajulikana: mzazi mmoja, lugha moja. Na kwa bahati nzuri, masimulizi makubwa mawili ya zamani kuhusu jambo hili yanahusu Kijerumani hasa. Mfaransa Jules Ronjat alichapisha mwaka 1913 kumbukumbu za mwanawe Louis, aliyezaliwa mwaka 1908: baba alisema naye Kifaransa, mama Kijerumani, bila kuchanganya, na mtoto akazimudu zote mbili. Kisha Werner Leopold, mwanaisimu aliyekuwa akifundisha Marekani, alimwandika binti yake Hildegard, aliyezaliwa mwaka 1930, katika juzuu nne zilizotoka kati ya 1939 na 1949. Baba Kijerumani, mama Kiingereza. Kwa Hildegard mambo hayakunyooka. Kiingereza cha mitaani kilikuwa kinakimeza Kijerumani cha baba mmoja. Alipokuwa na miaka mitano wakaenda kukaa Ujerumani kwa miezi kadhaa, na mambo yakageuka: katika majuma machache tu Kijerumani kikamshika ulimi na Kiingereza kikamkwama. Waliporudi Marekani, kikageuka tena.

Naipenda zaidi habari ya Hildegard kwa sababu inanipa moyo na kunionya kwa pamoja. Mtaalamu mzima wa lugha, mwenye daftari mkononi kila siku, na bado kilichoamua ni nani wa kucheza naye.

Mimi si Mjerumani. Lafudhi yangu inanitangulia mlangoni. Kusema Kijerumani na watoto wangu kutwa nzima kungekuwa uigizaji, tena wa kuchosha, na kungewanyima kitu ambacho mimi tu ninaweza kuwapa kikamilifu, yaani Kiswahili kilichokomaa. Hilo sikulikubali. Kwa hiyo Kijerumani nikampa mtu mwingine. Nilichukua soksi ndefu ya kijivu, nikaishonea vifungo viwili vya macho, nikaipa jina la Herr Strumpf, Bwana Soksi. Herr Strumpf hajui Kiswahili hata neno moja. Anaishi bafuni. Ukitaka akupe sabuni umwombe kwa Kijerumani, na ukimsemesha Kiswahili anainamisha kichwa kwa huzuni na kusema, "Wie bitte?" Unasemaje? Watoto wanajua vizuri kabisa kwamba ndani yake kuna mkono wangu. Walijua tangu dakika ya kwanza. Hawakujali.

Dakika ishirini kila jioni. Maneno ya kwanza kushika hayakuwa rangi wala siku za juma, yalikuwa yale mafupi mafupi ya kuendeshea dunia: auf, zu, an, aus, mehr, weg. Fungua, funga, washa, zima, ongeza, kimeondoka. Nilipochunguza nikakuta watoto wa Kijerumani nao huyawahi mapema maneno haya, na ukifikiri unaona ni kwa nini: ni mafupi, yanakaa mwishoni mwa sentensi yakiwa na mkazo, na kila ukiyasema kitu kinatokea. Mach zu! Bomba linafungwa. Mach auf! Maji yanamwagika, sakafu inalowa, mama yao anauliza nani ameanzisha. Huo ni mtaala tosha wa miezi mitatu.

Kosa jingine nilifanya hapa, la runinga. Kuna kipindi cha watoto cha Ujerumani, kimeanza mwaka 1971, chenye panya wa rangi ya chungwa na tembo mdogo wa bluu. Kizuri sana, utangulizi wake husomwa kwa Kijerumani kisha kurudiwa kwa lugha nyingine ya kigeni, na nadhani hakuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kumwonyesha mtoto kwamba lugha ziko nyingi duniani. Nilikata vile vipande vya panya nikawawekea kwa mwezi mzima. Walicheka mno. Nikawa nahesabu masaa ya "kusikiliza" kwa fahari. Mwezi ulipokwisha ndipo nikang'amua kwamba panya yule hasemi. Hakuna neno hata moja kwenye vichekesho vyake. Baada ya hapo tulihamia kwenye Hörspiele, michezo ya kusikiliza tu, ambayo watoto wa Kijerumani wamelelewa nayo tangu enzi za kaseti. Bila picha, sikio halina pa kujificha.

Na sikio ndilo lenye haraka. Mwaka 2009 watafiti, akiwemo Kathleen Wermke wa Würzburg, walichapisha matokeo ya kurekodi vilio vya vichanga 60 wa siku chache, nusu Wafaransa na nusu Wajerumani. Wa Kifaransa walilia kwa sauti inayopanda. Wa Kijerumani kwa sauti inayoanza juu na kushuka, kama Kijerumani chenyewe kinavyoshuka. Walikuwa wameisikia tumboni. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Linda Polka na Janet Werker waliwapima vichanga wa nyumba za Kiingereza kwa irabu za Kijerumani, u na ü. Wa miezi minne walizitofautisha. Wa miezi sita hadi minane walikuwa wameshaanza kuupoteza uwezo huo. Usikate tamaa ukisoma hivyo, mwanao wa miaka mitano hajachelewa. Anachohitaji ni kufanyiwa waziwazi kile ambacho kichanga hukipata bure.

Kwa mtoto wa Kiswahili, ü ni mchezo wa midomo. Sema i, shikilia, kisha bana midomo kama unapiga mluzi. Hivyo tu. Kwa ö, sema e huku midomo ikifanya o. Tulifanya mbele ya kioo, tukafanana na samaki watatu. Na uwaambie mapema kwamba nukta mbili zile si mapambo. Bruder ni ndugu mmoja, Brüder ni wengi. Kuchen ni keki, Küche ni mahali pa kupikia. Urefu wa irabu nao unaua: Höhle, kwa ö ndefu, ni pango, Hölle, kwa fupi, ni jehanamu. Usiku mmoja binti yangu alimsimulia Herr Strumpf kwa upole kabisa jinsi dubu na watoto wake wanavyokwenda kulala jehanamu majira yote ya baridi.

Sauti ya ch ya ach na Buch haikutusumbua, kwa kuwa ni ile kh ya kheri na Khamisi anapotamkwa na wanaojali. Ile ya ich iko mbele zaidi mdomoni, karibu na mnong'ono wa hi. Mzigo halisi ni konsonanti kulundikana. Kiswahili kinapenda kila silabi imalizike na irabu, mtu avute pumzi. Kijerumani kinaweka str mwanzoni na mpf mwishoni, katikati kimeachia u moja maskini. Mdogo kwa mwaka mzima alimwita soksi wetu Shitirumpufu. Sikumsumbua. Ilikuwa heshima, kwa jinsi alivyohangaika hadi kufika mwisho wa jina. Aliyemnyoosha si mimi bali kile kitanza ndimi maarufu cha mvuvi Fritz, Fischers Fritz fischt frische Fische, ambacho dada yake alikirudia hadi tukatamani samaki wote wafe.

Lakini kilichowafanya waipende lugha hii ni wanyama.

Nilikuwa nimetayarisha orodha ya kawaida, Hund, Katze, Maus. Wakaipokea kama watu wanaopokea risiti. Kisha mkubwa akauliza kifaru anaitwaje. Nashorn. Nase ni pua, Horn ni pembe: Pembepua. Akanyamaza. Kiboko? Nilpferd, farasi wa mto Nile. "Farasi? Yule?" Nungunungu? Stachelschwein, nguruwe wa miiba. Kobe? Schildkröte, chura mwenye ngao. Popo? Fledermaus, na Maus tayari wanaijua, kwa hiyo ni panya wa namna fulani aliyepata mabawa. Yupo na mnyama mmoja wa mbali anayening'inia mtini mchana kutwa, Faultier, ambaye jina lake ni Mnyama Mvivu, bila kumung'unya maneno. Tulilala saa nne usiku siku hiyo. Kesho yake asubuhi wakaamka wanadai wengine.

Kuanzia hapo nyumba nzima ikafunguka. Glavu ni Handschuh, kiatu cha mkono. Friji ni Kühlschrank, kabati la ubaridi. Balbu ni Glühbirne, pea linalowaka. Mashine ya kufagia ni Staubsauger, mfyonza vumbi. Kisha ukakuta neno Zeug, kitu au zana, linavyozaa: Spielzeug kitu cha kuchezea, Werkzeug zana ya kazi, Feuerzeug kiberiti cha gesi, Flugzeug ndege, kitu cha kurukia. Kitisho cha maneno marefu ya Kijerumani, ambacho watu wazima hukisimulia kama habari za majini, kwa watoto ni behewa na behewa. Unayafungua, unayaunga. Nasi tuna mwanahewa na mwanasesere, tuna kiona mbali na kifungua kopo. Akili hiyo si ngeni. Na ni afadhali neno linalojieleza kuliko lile unalolazimika kulikariri bila kujua limetoka wapi.

Hapo ndipo niliwafunulia kwamba shule ni Schule, Kiswahili kililichukua kutoka Kijerumani, na hela imetokana na Heller, sarafu ya zama za ukoloni wao. Mdogo akauliza kama walilirudishiwa. Sikuwa na jibu la haraka.

Namba ziliingia kwa shida ndogo. Wajerumani huhesabu vidole wakianzia dole gumba, kwa hiyo kidole cha shahada kikisimama pamoja na gumba ni mbili, hilo walilipenda. Tatizo ni ishirini na moja, ambayo ni einundzwanzig, moja na ishirini, na kadhalika hadi tisini na tisa. Mkubwa akawa anaandika 12 akimaanisha 21. Wajerumani wana jina la kosa hilo, Zahlendreher, kwa hiyo hatukujiona wapweke. Kiarabu nacho husema moja na ishirini; sisi tulichukua maneno yake, ishirini na thelathini, tukaacha mpangilio, na kwa hilo nawashukuru wazee. Saa ndiyo balaa. Saa moja na nusu asubuhi ya Kiswahili, Mjerumani huiita halb acht, nusu kuelekea nane. Somo hilo nililiahirisha hadi mkubwa alipofika miaka tisa, na bado nahisi niliharakisha.

Kusoma nilikuchelewesha kwa makusudi. Anayesoma Kiswahili amezoea herufi isiyodanganya, na ukimpa Vogel mapema atakusomea Vogel yenye v, wakati Mjerumani anasema fogel. Wasser ataisoma kwa w laini, Zebra kwa z yetu, na ei na ie zitamchanganya hadi achukie kitabu. Nilisubiri hadi Kiswahili chake kikakaa sawa kwenye karatasi. Alipoanza, kilichomsaidia ni kwamba kila jina, si la mtu tu, linaandikwa kwa herufi kubwa. "Yanapiga saluti," alisema. Herufi ß aliita B mwenye tumbo.

Watu huniuliza habari za mitihani. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya kufundisha Kijerumani, ina wa ngazi ya mwanzo kabisa, A1, uitwao Fit in Deutsch 1, kwa wenye umri wa miaka 10 hadi 16. Ni mzuri, nao ukifika wakati wake mkubwa ataamua. Kabla ya hapo cheti ni cha mzazi.

Kijerumani chao bado ni kidogo. Sitaki mtu adhani nina vinanda viwili vinavyoimba. Mkubwa anasimulia kisa kwa sentensi fupi fupi na kitenzi hakijui kwenda mwisho kila anapotakiwa; mdogo anaelewa karibu kila kitu na kujibu kwa Kiswahili, isipokuwa bafuni. Herr Strumpf ameshashonwa macho mara tatu.

Juma lililopita nilikuwa napanga vyombo, mdogo ananisaidia. Ana miaka saba sasa. Akaivuta droo, akaweka kijiko cha mwisho juu ya wenzake, akaisukuma taratibu, akasema kwa kunong'ona, "Das Löffelbett. Zu."

Kitanda cha vijiko. Hakuna kamusi iliyompa neno hilo. Nikamuuliza, kwa kumtega, kwa nini das, si kijiko ni der?

"Kijiko ni der," akasema. "Lakini kitanda ni das. Na wao ndio wamelala kwenye kitanda, kitanda hakijalala kwenye kijiko."

Kisha akaifungua tena droo kidogo, kuangalia kama uma nao wamejifunika.